Wa tatu naye aandikiwe muda wake

Mchujo wa mita 1500 wasichana mwaka huu uligawanywa makundi mawili, kwa sababu shule zilizoleta wakimbiaji zilikuwa nyingi na uwanja wetu wa nyasi ni mwembamba. Utaratibu ulitangazwa asubuhi: wawili wa mwanzo wa kila kundi wanaingia timu ya halmashauri, timu hiyo inakwenda mkoani, na mkoani ndiko wanakopatikana wa kuvaa jezi ya Tanga kwenye UMISSETA ya taifa, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari.

Mwanafunzi wangu, binti wa kidato cha tatu anayetokea Pongwe, alipangwa kundi la kwanza. Akawa wa tatu. Nilimpima kwa simu yangu: dakika 5 na sekunde 8, peku, kwenye njia tuliyoipima kwa kamba na kuichora kwa chokaa. Kundi la pili lilianza polepole. Wasichana waliviziana karibu mbio nzima, wakaja kufyatuka mwishoni, na mshindi akavuka mstari kwa dakika 5 na sekunde 19. Huyo yumo kwenye timu. Aliyemfuata naye yumo. Binti wa Pongwe hayumo.

Sina neno na wasichana wale wawili. Walikimbia kundi walilopangiwa na wakashinda. Walimu wenzangu waliosimamia nao nawaheshimu, maana walishinda juani tangu saa mbili asubuhi, chakula chao kikiwa mihogo na maji. Kinachoniuma ni ile karatasi ya matokeo. Ina jina la mshindi na muda wake, kisha jina la wa pili, basi. Saa zilikuwa mbili, na zote mbili zilibonyezwa alipovuka wa kwanza. Mwalimu wa shule nyingine akiisoma karatasi ile mwakani, hatajua kwamba kuna mtoto aliyeachwa akiwa na mbio nzuri kuliko wawili kati ya wanne waliochaguliwa, na mmoja wao ni mshindi wa kundi.

Nafundisha Jiografia, na michezo ndiyo kazi ninayoipenda zaidi shuleni. Kila mwaka naona watoto wa aina hii: wazuri kabisa, ila wamepangwa na wazuri wenzao. Safari hii sikutaka yaishe hivihivi. Nikaanza kutafuta wengine wanafanyaje.

Nusu fainali za mita 100 kwenye mashindano ya dunia huwa tatu. Wawili wa mwanzo wa kila moja wanapita, hao ni sita, kisha nafasi mbili zilizobaki wanapewa wenye muda bora kati ya waliobaki wote. Yaani ukiwa wa tatu kwenye nusu fainali ngumu hujafa. Muda wako unapimwa na wa wenzako wa nusu fainali nyingine. Kwa mita 1500 wakubwa wameamua tofauti, siku hizi wanahesabu nafasi tu, na sababu yao ni ileile niliyoiona kundi la pili: mbio ndefu kidogo watu huviziana, muda ukadanganya. Lakini kwenye Olimpiki ya Paris 2024 walikuja na jambo lingine. Kuanzia mita 200 hadi 1500, aliyekosa nafasi raundi ya kwanza alipewa mbio ya pili ya kutafutia njia ya kuingia nusu fainali. Na tukumbuke, wale wanafika Olimpiki kila mmoja muda wake unajulikana. Hata akitolewa raundi ya kwanza, anarudi kwao na rekodi yake. Wetu anarudi Pongwe na nauli ya daladala.

Nilisoma pia habari za mieleka ya shule za sekondari Marekani, na huko nimekuta kilio kilekile. Vijana wanapangwa kwa uzito, wanachujwa kwa maeneo, na wachache wa juu wa kila eneo ndio wanaokwenda mashindano ya jimbo. Ikitokea eneo moja lina wababe wanne wa uzito mmoja, kijana ambaye angerudi na medali ya jimbo anabaki nyumbani, huku eneo la jirani likipeleka aliye chini yake. Ila wao wana mambo mawili ambayo nayatamani. Aliyepigwa pambano moja hatolewi papo hapo. Anashuka upande wa waliopoteza, na akishinda huko anaweza kupanda hadi nafasi ya tatu. La pili, kila kijana ana hesabu ya msimu mzima, ameshinda mara ngapi na amepoteza mara ngapi. Akikosa kwenda jimboni, hesabu ile haifutwi.

Sisi Watanzania ndio tulipaswa kulijua hili kabla ya wote. Tarehe 2 Februari 1974, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi aliongoza mita 1500 tangu mlio wa bastola hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 sekunde 32.2. Hadithi hiyo kila mwalimu wa riadha anayo. Sehemu ambayo huwa hatuisimulii ni ya wa pili. John Walker wa New Zealand alimaliza kwa 3:32.5, naye pia akawa chini ya rekodi ya zamani. Alishindwa, lakini muda wake ukaandikwa, na dunia ikajua kuna mtu wa kumwangalia. Mwaka uliofuata akawa wa kwanza kukimbia maili chini ya dakika 3 na sekunde 50, na rekodi aliyoivunja siku hiyo ilikuwa ya Bayi huyohuyo. Mwaka 1976 akachukua dhahabu ya Olimpiki. Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wetu alichukua dhahabu ya marathoni akimzidi Amanal Petros wa Ujerumani kwa sekunde 0.03. Wote wawili wameandikiwa saa 2:09:48. Petros hakuandikwa tu "wa pili".

Siku chache baada ya mchujo nilikwenda stendi ya Kange, mama wa binti huyu anakouza machungwa. Nilikuwa nimesikia kwamba mazoezi yamekatazwa nyumbani.

"Mwalimu, mwanangu kashindwa," aliniambia akiendelea kumenya. "Mwakani kidato cha nne. Ashike madaftari."

Sikumbishia kuhusu madaftari, maana mtihani wa Novemba haumsubiri mtu. Nikafungua daftari langu, nikamwonyesha muda wa mwanawe na muda wa yule mshindi wa kundi la pili. Akaviangalia, akaniuliza swali ambalo hakuna ofisa yeyote wa michezo aliyewahi kuniuliza: "Sasa hiyo tano na nane ni nyingi au kidogo?"

Nikamweleza kwamba kwenye mbio, kidogo ndiyo nzuri, na kwamba sekunde 11 kwenye mbio hizi ni umbali wa zaidi ya mita 50. Nikamwonyesha kwa mkono, kutoka meza yake hadi mbali kule zilikopangwa bajaji. Akaacha kumenya. "Kamwacha hivyo?" Nikasema wangekimbia pamoja na kila mmoja kwa muda ule, ndivyo angemwacha. Hakunipa ruhusa palepale. Alisema atazungumza na baba yake. Jumamosi iliyofuata binti alikuja mazoezini, akanisalimia, "Shikamoo Madam," akaenda kupasha misuli bila kueleza chochote, nami sikumuuliza.

Daftari lenyewe halina utaalamu. Simu nyingi zina saa ya kupimia muda yenye kitufe cha kuhesabia mizunguko. Badala ya mizunguko, mimi nakibonyeza kila anapovuka mtu mstari, na mwanafunzi aliyesimama kando yangu anataja namba ya kifuani kwa sauti huku mwingine akiandika. Wakija watano kwa mkupuo vidole vinachanganyikiwa, kwa hiyo wa nne anapiga video pale mstarini, simu ikiwa imetulia juu ya kiti. Jioni tunalinganisha. Muda wa mkono kwenye mbio za uwanjani unasogezwa juu hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo 5:07.61 inaandikwa 5:07.7, si 5:07.6. Pembeni naandika uwanja ulikuwaje, nyasi au vumbi, mvua au jua, peku au raba. Bila hayo, namba ya Mkinga na namba ya Lushoto hazilinganishiki, maana huku tuko usawa wa bahari na kule ni milimani.

Nimeomba kwa walimu wenzangu jambo dogo kwa mwakani: makundi yakiwa mawili, mmoja mmoja apite kwa ushindi, na nafasi mbili zilizobaki zigombewe na wanaofuata wa makundi yote mawili, wakimbizwe pamoja alasiri. Mchana mzima uwanja huwa unakaa bure tukisubiri mpira wa miguu. Wawili wamekubali, mmoja anasema watoto watachoka. Hoja yake ina uzito, hasa kwa mtoto aliyekuja bila kunywa chai, na bado tunazungumza.

Wakati hilo linasubiri, daftari linaendelea. Kama unafundisha michezo Muheza, Pangani, Mkinga, Korogwe au Handeni, na ulimpima mtu ambaye hakuchaguliwa, niachie ujumbe hapa chini: muda, umbali, aina ya uwanja, kidato. Jina la mtoto usiliweke hadharani, herufi mbili zinatosha. Wa tatu na wa nne wa mita 800 na 1500 ndio ninaowahitaji zaidi, wasichana kwanza.