Kungumanga chini ya kabati

Juzi usiku kungumanga lilinichomoka vidoleni nikiwa nalikuna, likabiringika hadi chini ya kabati. Nikalala kifudifudi sakafuni, tochi ya simu mkononi, namulika. Wapi! Nikabaki najicheka: mtu mzima kwa ajili ya kokwa moja.

Ila wapo waliofanya makubwa kuliko haya, na mabaya. Enzi zile makungumanga ya biashara yalitoka visiwa vya Banda tu, huko Indonesia. Mwaka 1621 Waholanzi wakiongozwa na Jan Pieterszoon Coen walivivamia. Wenyeji kwa maelfu waliuawa, wakafa njaa au wakachukuliwa utumwani, na mashamba yao yakagawiwa Waholanzi, yakalimwa na watumwa.

Kisiwa kimojawapo, Run, kina urefu wa kilomita 3 hivi. Waingereza walikuwa wakikidai ni chao hadi Mkataba wa Breda, 1667, walipokiachia. Waholanzi nao wakaiachia Manhattan, kisiwa ambacho leo ni kitovu cha jiji la New York. Husemwa kwamba walibadilishana, lakini Manhattan Waingereza walikuwa wameshaiteka tangu 1664; kila mmoja alibaki na alichokwisha kukamata. Hata hivyo, kuna aliyekaa mezani akaona Run inatosha!

Kinachonifurahisha mimi ni mti wenyewe. Tunda likiiva hupasuka, na ndani utaona kokwa jeusi linalong'aa, limevikwa wavu mwekundu kama damu. Wavu huo ndio basibasi, kiungo kingine cha mti huohuo. Wekundu ule haukuwekwa kwa ajili yetu, unawaita ndege. Njiwa wakubwa wa kule humeza mbegu nzima na kwenda kuiangusha mbali. Waholanzi wakachovya makungumanga kwenye chokaa ili yasiote, wakang'oa miti ya visiwa vingine. Njiwa hakuna aliyewasomea amri.

Watu nao wakafuata mkondo wa njiwa. Mwaka 1770 miche na mbegu zilizotolewa kimagendo zilifika Mauritius kwa mpango wa Mfaransa Pierre Poivre. Waingereza walipoteka Banda wakati wa vita vya Napoleon, wakabeba miche yao. Leo Grenada, kule Karibi, wameliweka kungumanga kwenye bendera ya taifa.

Langu nililikuta asubuhi wakati nafagia, limevaa vumbi, liko ubavuni mwa kifungo cha shati nilichokitafuta mwezi mzima. Nimeliosha. Kifungo bado sijakishona.