Mikoko yetu ilikufa yote, na haikuwa kosa la mbuzi

Mi ni mke wa mkata boriti za mikoko hapa kisiwani Pate, Lamu, kwa hivyo najua vile itasikika nikianza kuwaambia mambo ya kupanda mikoko, lakini ngojeni nimalize. 2018 serikali ilipopiga marufuku kukata miti kwa misitu, mikoko nayo ikaingia humohumo, na kwetu boriti ndo chai ndo ada ya shule, wanaume wakabaki barazani mchana kutwa. Sisi wanawake tukaona tuanze chama.

Kuna kipara pale mwisho wa kijiji, zamani palikuwa msitu mzito, ukakatwa ukakatwa mpaka pakabaki tope lenye chumvi juu kama unga. Upande huo ndo bahari inatula, visima viwili tushaviacha maji hayanyweki. Likaja shirika moja na miche ya mkoko na tisheti, tukapanda asubuhi moja tu, picha zikapigwa, wakaenda zao. Miezi mitatu haijaisha yote imekauka kama vijiti vya mishikaki. Nililia wallahi, maana ule mgongo uliouma ni wangu.

Tukalaumu mbuzi, na punda pia. Siku hiyo nakutana na ami yangu, amekata mikandaa, mti mwingine wa jamii ya mikoko, tangu enzi za majahazi, namwambia ami, mbuzi wametumaliza. Akacheka. "Mwanangu, maji yafika pale siku ngapi kwa mwezi?" Nikanyamaza. Chama kizima hakuna aliyejua!

Basi akatuchomekesha vijiti, twende tuangalie bamvua, yale maji makubwa, mwezi ukiandama na tena ukiwa mpevu. Tukaona wenyewe: maji yanafika siku chache tu za bamvua kubwa, yakifika hayana pa kutokea, yanakaa yanakauka yanaacha chumvi, halafu maji mafu, yale madogo, yakianza hata tone halifiki. Ule mkondo wa zamani ulikuwa umezibwa na mchanga na visiki. Kumbe tulipanda mkoko, mti unaotaka tope la maji kila siku, mahali pa mkandaa, tena pakavu.

Tukaacha kupanda tukaanza kuchimba. Jembe, sepetu, tope la magoti, watoto mgongoni, watu wakipita wanatuuliza mwatafuta dhahabu? Bamvua tatu nzima. Siku maji yaliingia yenyewe na yakatoka yenyewe tulipiga vigelegele kama harusini.

Na hii ndo iliyonishangaza zaidi, mbegu za mkandaa zikaja na maji bila kuitwa, zikashika. Hatukupanda hata nusu ya kile kipara. Zilipobaki nafasi ndo tukajaza, mkandaa huku juu, mkoko kando ya mkondo. Mbegu ya mkoko ukiigusa tu ikiachia, na shingo imekuwa manjano, hiyo imekomaa, ukilazimisha kuing'oa umepoteza. Thuluthi moja ndani ya tope, hatua moja baina ya mche na mche. Kaa walikula fungu lao, tukarudishia.

Sasa mikoko imenifika kiunoni, mikandaa bado ya magoti maana mti huo hauna haraka. Chini yake vidagaa na kamba wadogo wamejaa. Watu waniuliza pesa za kaboni ziko wapi, zile wanazolipwa watu kwa miti yao kunyonya hewa chafu, kama Gazi kule Kwale kwenye mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013. Sisi bado, na mi nasema mwanzo miti iishi, mtu hauzi ng'ombe aliye tumboni. Mume wangu naye amerudi kukata kwa kibali upande mwingine, simfichi, lakini pale kwetu akiona mtu na shoka yeye ndo wa kwanza kupiga kelele.

Jumamosi ni bamvua, twaenda kuzibua mkondo wa pili. Mwenye sepetu ya ziada alete, zetu mbili zimevunjika mpini.