Kabla ya kuandika "Wagonjwa wahangaika"

Madaktari wakigoma leo, kichwa cha habari cha kesho kinajulikana: "Wagonjwa wahangaika". Picha nayo ni ile ile, vitanda vitupu wodini na mama aliyeketi kwenye benchi na mtoto mgongoni. Si uongo. Ila msomaji humaliza habari hiyo bila kujua nani aliahidi nini na lini, ilhali migomo mingi ya watumishi wa umma Kenya huzuka kwa sababu ya ahadi iliyokwisha kutiwa saini.

Chukua mgomo wa siku 100, kuanzia tarehe 5 Desemba 2016 hadi 14 Machi 2017. Madaktari walidai utekelezaji wa mkataba wa pamoja kati ya chama chao na serikali, yaani CBA, uliotiwa saini Juni 2013. Redioni na magazetini mkataba huo uligeuka "nyongeza ya asilimia 300", na serikali iliyotaja asilimia 40 ikaonekana karimu. Kiini cha mvutano kilikuwa kwingine. Serikali ilishikilia kuwa CBA haikusajiliwa, na kwa mujibu wa Sheria ya Mahusiano ya Leba ya 2007, mkataba hupata nguvu ukishasajiliwa na mahakama ya leba. Tena mwaka ule ule wa 2013 huduma za afya zilihamishiwa kaunti, kwa hiyo aliyetia saini si yeye tena aliyelipa mshahara. Swali la kwanza la mwandishi, basi, liwe: nionyesheni mkataba, ukurasa wenye saini, na muhuri wa usajili kama upo.

Asilimia ni mtego. Tuseme mfanyakazi ana mshahara wa msingi wa Sh40,000 na marupurupu ya Sh80,000. Nyongeza ya asilimia 50 kwa mshahara wa msingi ni Sh20,000, ambayo haifiki asilimia 17 ya jumla anayopokea. Chama kitataja hesabu moja, wizara itataja nyingine, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Andika shilingi, kabla na baada, kwa kiwango kimoja cha kazi. Mwaka 2024, madaktari walipogoma tena, jambo hili lilieleweka upesi kwa sababu tarakimu zilikuwa wazi: Sh206,400 kwa mwezi kwa daktari mwanagenzi kulingana na CBA mpya ya 2017, dhidi ya Sh70,000 ambazo serikali ilisema ndizo inazozimudu.

Mahakamani ndiko makosa hujaa. Tarehe 13 Machi 2024, siku moja kabla ya mgomo, mahakama iliusimamisha kwa muda. Kusimamisha kwa muda hadi kesi isikizwe si kuharamisha, lakini neno "haramu" ni fupi na linaingia vizuri kwenye kichwa cha habari. Soma amri yenyewe: inamzuia nani, hadi tarehe gani, na pande zote mbili zimeamriwa nini. Mara nyingi jaji huamuru pia mazungumzo, na sehemu hiyo husahaulika. Kisha tazama ilani ya mgomo: sheria inataka siku saba, kwa maandishi, baada ya upatanisho kushindikana. Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma; sheria hiyo ya 2007 inaiweka hospitali kati ya huduma muhimu zisizogomewa. Mwandishi anayetaja kimoja na kuacha kingine amekwisha kuegemea upande, hata kama hakukusudia.

"Wahudumu wa afya wagoma" nayo ni sentensi ya kuogopwa. Madaktari, matabibu (clinical officers) na wauguzi wana vyama tofauti. Mwaka 2024 madaktari walianza tarehe 14 Machi, matabibu wakafuata Aprili. Mgonjwa anayesoma habari anataka kujua kama chanjo na kliniki ya wajawazito zipo, si kama "sekta imelemaa".

Kuhusu vifo, tahadhari. Utafiti uliofanyika Kilifi na kuchapishwa mwaka 2019 ulipima migomo sita kati ya 2010 na Novemba 2016, na haukuona ongezeko la vifo kwa jumla, ingawa ulikuwa na dalili hafifu kuwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne walikufa zaidi. Eneo lilikuwa moja, na zile siku 100 hazimo. Usiutumie kusema mgomo hauui. Lakini kifo kimoja ulichoelezwa langoni mwa hospitali hakithibitishi kinyume chake.

Mkataba wa kurejea kazini ukitiwa saini, kamera huondoka. Ule wa 8 Mei 2024 ulimaliza mgomo wa siku 56, ila malipo ya wanagenzi yaliachwa bila kumalizwa, na kufikia Desemba ilani ya mgomo mpya ilikuwa mezani. Kila muda uliotajwa katika mkataba kama huo, uandike kwenye shajara ya chumba cha habari siku hiyo hiyo, pamoja na nambari ya simu ya mhasibu wa kaunti.