Miteremko ya Lindi na zana isiyoaminika
Anayesanifu kiwanja mjini Lindi, ambako ardhi hushuka kutoka vilimani hadi ghubani, hawezi kukwepa kuchimba upande wa juu na kujaza upande wa chini, na hapo ndipo zana ya kusawazisha ardhi katika programu yetu ya usanifu huanza vituko. Wenzangu wenye viwanja tambarare kule Mtwara hawayaoni sana haya. Kwenye ukingo ulionyooka, mteremko wa 1:2 (mita moja ya wima kwa kila mita mbili za mlalo) hutoka safi. Lakini kwenye kona ya ndani, miteremko miwili inapogongana, zana huacha pengo, au, kwa kuwa huunda uso wa ardhi kwa pembetatu zilizounganishwa, huchora pembetatu zinazoruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kana kwamba bonde halipo. Mistari miwili yenye miinuko tofauti ikikatana, programu hushika mwinuko mmoja tu, kwa kuwa uso wa pembetatu hauwezi kuwa na vimo viwili mahali pamoja. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jumla ya mita za ujazo za udongo wa kuchimba na kujaza hutolewa hivyo hivyo, bila onyo. Kwa hiyo kona hizo ninazichora mwenyewe, ninakagua kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa), kisha ninakokotoa udongo upya kwa mikato wima ya kila mita 10. Tofauti kati ya hesabu yangu na ya programu ikizidi asilimia 5, ninaifuta sehemu hiyo yote na kuianza upya.