Vidole vyeusi

Jamani, leo siku ya nne na vidole vyangu bado vyeusi! Nilikuwa na darasa langu hapa North Carolina, tunajifunza jinsi Wacherokee, wenyeji wa asili wa huku Marekani, walivyotumia mimea ya milima hii. Nikajitia ujuzi, nikamenya maganda mabichi ya jozi nyeusi (black walnut) bila glavu. Nimesugua kwa sabuni, ndimu, chumvi… wapi! Na ndiyo rangi yenyewe wanayotilia vikapu vyao Wacherokee.

Kuna na mmea mdogo wenye ua jeupe. Ukikata mzizi wake unatoka utomvu mwekundu kama damu. Watoto walipiga kelele hadi darasa la jirani wakachungulia. Utomvu huo nao hutumika kutia vikapu rangi.

Kikapu husukwa kwa matete ya mtoni yaliyopasuliwa vipande vyembamba. Mafundi hasa husuka kuta mbili, ya ndani na ya nje, kikapu kimoja! Nikamkumbuka bibi na ukili wake.

Nikiwa katikati ya somo, mwanafunzi mmoja Mcherokee akanyoosha mkono: “Mwalimu, mbona unasema ‘walitumia’? Bibi yangu anasuka mpaka leo.”

Nikafuta ubao, nikaandika upya: WANAVYOTUMIA.