Makovu ya mapafu: fedha za utafiti ziende wapi

Mwaka 2011 sehemu ya jaribio la dawa nchini Marekani ilikatizwa njiani. Wagonjwa wa IPF, maradhi yanayojaza mapafu makovu bila chanzo kujulikana, walikuwa wakipewa predinisoni pamoja na azathioprini na asetilisisteini, mchanganyiko ambao madaktari waliuandika kwa miaka mingi. Katika kundi hilo walikufa 8. Kati ya waliomeza vidonge visivyo na dawa, 1. Waliolazwa ni 23 kwa 7. Makundi yote mawili hayakufika watu 160, na ilitosha kuonyesha kwamba tiba iliyozoeleka ilikuwa inaua. Mwenye kuuliza kwa nini ugonjwa usiojulikana na wengi utengewe fedha, aanzie hapo.

IPF huwapata zaidi waliovuka miaka 60, wanaume hasa, na wavuta sigara. Kuta za vifuko vya hewa hunenepa na kukakamaa, oksijeni ikashindwa kupenya kwenda kwenye damu. Mgonjwa ana kikohozi kikavu, ngazi zinamshinda, ncha za vidole wakati mwingine zimevimba. Weka stethoskopu mgongoni, chini kabisa, avute pumzi ndefu: utasikia mlio wa kibandiko cha kiatu cha mtoto kinapobanduliwa. Akikohoa, mlio haupotei.

Huku kwetu kikohozi kisichoisha ni TB mpaka ithibitike vinginevyo. Makohozi hayana vimelea, picha ya kifua ina ukungu, basi dozi ya miezi 6 inaanza. Miezi 6 ni mingi: bila dawa za IPF, nusu ya wagonjwa hufariki ndani ya miaka 3 hadi 5 tangu wagunduliwe.

Eksirei haitoshi. Inatakiwa CT, picha inayoonyesha mapafu kipande kwa kipande, ya vipande vyembamba, milimita 1.5 au chini, pumzi ikiwa imevutwa na kubanwa. Mgonjwa akilala chali, sehemu ya nyuma ya mapafu hulemewa na uzito wake na kuonekana kama ina ugonjwa. Mgeuze kifudifudi upige tena. Kinachotafutwa ni vitundu vilivyopangana kama sega la nyuki, pembezoni na chini ya mapafu.

Oktoba 2014 Marekani iliidhinisha dawa mbili, pirfenidoni na nintedanibu. Hupunguza kasi tu, kovu halifutiki. Pirfenidoni hupandishwa polepole: mg 267 mara 3 kwa siku wiki ya kwanza, 534 ya pili, kisha 801, daima pamoja na chakula, la sivyo kichefuchefu kitamfanya mgonjwa aiache. Ajikinge na jua pia. Nintedanibu huharisha.

Dawa mpya zitatafutwa na wenye maabara kubwa. Mimi ningeanza na spirometa, mashine ya kupima pumzi. Namba inayoamua kama pafu limepungua hutokana na kumlinganisha mgonjwa na watu wenye afya, na viwango vya kimataifa vya mwaka 2012 vilikuwa na takwimu haba mno za Afrika kusini mwa Sahara. Kundi la weusi liliwakilishwa na Wamarekani. Kwa hiyo mvuvi wa Kilwa anapimwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Kulirekebisha hilo hakuhitaji maabara: mashine, sirinji ya lita 3 ya kuihakiki kila asubuhi, fundi aliyefunzwa, na watu wenye afya, wasiovuta sigara, wakubali kupuliza angalau mara 3 kila mmoja.