Nilivyopanga safari ya kuzamia na mkondo mpaka nikawaona kasa na wale samaki wakubwa

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe, siwezi kumlaumu mtu sana. Nilipata likizo, nikakata tiketi, nikalipia mbizi sita kwenye mlango wa bahari, ile njia ya maji inayokatiza mwamba, ambao kila mtu anausifia, basi. Sikuangalia mwezi. Kumbe nimefika mwezi mpevu kabisa, bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu kuliko kawaida, limekaza, na wale jamaa walionizamisha ratiba yao ilikuwa saa 9 alasiri kila siku, iwe maji yanajaa, iwe yanatoka, wao saa 9 imefika twende. Tukaingia maji yanatoka. Sasa maji yakitoka kwenye lile bwawa la bahari lililo nyuma ya mwamba yanabeba mchanga na takataka zote za huko ndani, yaani nilikuwa naona mkono wangu na mapezi ya aliye mbele yangu, na mkondo unatusukumia nje kwenye bahari kuu. Kasa niliyemuona safari nzima ni mmoja, tena nikiwa nimekaa kwenye boti, akatoa kichwa akavuta pumzi akazama zake.

Jina la kisiwa naliacha kwa sababu ya hao jamaa. Ila nilirudi palepale mwaka uliofuata.

Si kwamba sikuangalia kwingine. Niliangalia Cozumel kule Mexico, ambako mkondo ni wa bahari yenyewe unapita sambamba na mwamba, kwa hiyo habari za maji kujaa na kupwa hazikusumbui kivile. Nikaangalia Sipadan ya Malaysia, kasa wa kumwaga na makundi ya mizia, ila huko kuna kibali na idadi ya wazamiaji kwa siku ina kikomo, lazima uanze mapema. Palau kuna ile Blue Corner ambako watu wanajishikiza kwenye mwamba uliokufa kwa kulabu na kamba, wanabaki wanapepea kama bendera huku papa wanapita mbele yao. Kote kuzuri. Ila mimi kuna kitu kilikuwa kinanikereketa, nilitaka nijue mlango uleule maji yakiwa yangu unakuwaje.

Kwa hiyo safari hii nilianza na jedwali la maji, tiketi baadaye. Hapo ndo kazi yenyewe ilikuwa.

Samaki wakubwa wanataka mkondo. Kolekole, mizia na papa wanakaa kwenye mdomo wa mlango upande mkondo unakotokea kwa sababu mkondo unawaletea dagaa na vidogo vingine mpaka mdomoni, maji yakilala kabisa na wao wanatawanyika. Kwa hiyo maji mafu, yale yanayosogea kidogo mwezi ukiwa na siku saba nane, hayafai sana, na bamvua nalo kwa mzamiaji wa kiwango changu ni vita. Nikachagua katikati, siku nne kuanzia mwezi ukiwa na siku tisa, mkondo upo lakini haujawa mkorofi. Halafu saa. Nilitaka maji yanayojaa, maana hayo ni maji masafi ya bahari kuu yanaingia ndani, na hata ukipotea unasukumwa ndani ya bwawa, husukumwi nje. Maji yanatumia kama saa sita kujaa na nusu ya maji yote yanaingia saa ya tatu na ya nne, hapo ndipo mkondo unakimbia kuliko wakati wowote, kwa hiyo tukalenga saa ya tano, nguvu inaanza kushuka. Na kwa kuwa maji yanachelewa wastani wa dakika 50 kila siku, siku ya kwanza yalikuwa yanafika juu saa 3 asubuhi na siku ya nne inakaribia saa 6. Nilichora yote kwenye karatasi nikaibandika ukutani, watu nyumbani wakawa wananiuliza kama nimeanza uganga.

Kutafuta watu wa kunizamisha, safari hii niliuliza swali moja kwanza: mnatoka saa ngapi? Aliyenitajia saa papo hapo nilimshukuru nikaendelea. Aliyenijibu "inategemea maji, wewe unakuja tarehe ngapi?" huyo nikakaa naye. Nikamuuliza boti inafuata mapovu au inangoja mahali pamoja, akasema nahodha anafuata boya na kila wawili lazima wawe na boya lao, lile la kupuliza ukiwa chini likapanda juu na uzi wake, ambaye hajui kulirusha atajifunza kabla ya kuingia mlangoni.

Mimi nilidhani najua. Nikaenda kufanya mazoezi mita 5, maji yametulia, nikatoa boya, na kwa uvivu wa kutotaka kushika vitu viwili nikaining'iniza rili, kile kibiringo cha uzi wa boya, kwenye jaketi langu la kuelea. Nikalipuliza boya pumzi kubwa. Uzi ukajikunja ukakwama kwenye rili, boya likapaa na mimi nyuma yake kama mzigo! Nilifika juu sijui hata nilipitia wapi. Kama ingekuwa baada ya mbizi ya mita 25 nisingekuwa nasimulia kwa kucheka hivi. Tangu siku hiyo rili naishika mkononi tu, napuliza kidogo, na ikikwama naiachia iende zake, rili inanunuliwa nyingine.

Hewa pia nilipiga hesabu. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200, yaani kipimo cha shinikizo, una lita 2,400 za hewa. Mimi juu natumia kama lita 20 kwa dakika, sasa mita 20 chini shinikizo ni mara tatu kwa hiyo ni lita 60. Toa baa 50 za akiba, unabaki na lita 1,800, yaani dakika 30 tu, na hiyo ni kama huhangaiki. Ukianza kupiga mapezi kushindana na mkondo hizo dakika zinayeyuka. Nikajifunza kuacha kupiga mapezi. Inaonekana rahisi, ila miguu ina mazoea yake.

Siku ya kwanza tukaingia jaketi tupu bila hewa, hakuna kuelea juu kungojana, moja mbili tatu wote chini kwa pamoja, maana ukichelewa sekunde 20 juu wenzako wameshapelekwa kwingine. Chini nikaona tofauti. Bluu safi, mbali kabisa. Siku ya pili nikaharibu tena, nilimfuata kasa. Kasa wa kijani mkubwa alikuwa anapita pembeni, nikamfukuzia kidogo tu kwa ajili ya picha, kugeuka sioni mtu. Nikatafuta dakika moja kama tulivyokubaliana, nikaanza kupanda, nikasimama mita 5 dakika tatu, boya juu. Boti ilinikuta ndani ya dakika chache ila mbizi yangu iliishia hapo, na ya wenzangu pia, walipanda kwa ajili yangu. Picha yenyewe ni mkia.

Siku ya tatu sikufukuza kitu. Tulijibanza ukutani, pale mkondo unapungua kwa sababu mwamba unaukinga, na kwenye kipango kama mita 18 alikuwepo ng'amba, kasa wa aina nyingine, anakula sifongo, anang'oa kipande kwa ule mdomo wake kama wa kasuku, vipande vinamtoka pembeni, samaki wadogo wanavigombania. Hakutujali. Tulikaa pembeni yake, juu yake hapana, kwa sababu kasa akitaka kwenda kupumua asikute mtu amemzibia njia. Na kweli baada ya muda aliacha kula, akapanda taratibu mpaka juu. Tukajiachia, mkondo ukatubeba, na kwenye kona wakawa wapo: kolekole kama 30 hivi wamesimama uso kwenye mkondo bila hata kutikisa mkia, chini yao chewa mmoja, kichwa chake kikubwa kuliko mtungi wangu, anafungua na kufunga mdomo kama anayetafuna. Sikumbuki kama nilipumua. Geji inasema nilipumua, nilipanda na baa 60.

Siku ya mwisho hatukuzamia. Ukifanya mbizi za siku kadhaa unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, nikaongeza ziwe zaidi ya 24. Nikakaa ufukweni na karatasi yangu ya maji imeshachakaa. Kwa mujibu wake yalikuwa yameanza kupwa, na hata kwa macho ulikuwa unaona mlango unabadilika rangi kuwa wa kahawia. Saa 9 kamili ikapita boti ya wale jamaa wa mwaka jana, imejaa watu, wamevaa tayari, wananipungia mkono.